Kiti cha Spea Kisichovuja

Jumatatu, 12 Januari 2026

Jana Jumapili, kati ya Hindi na Mokowe, nimepoteza tairi la spea. Jipya. La porini, meno kama ya mamba. Limeanguka pamoja na kiti chake, na mimi nimo ndani ya pikapu iliyovuta trela, natazama ndia.

Trela langu la kulala wasafiri linakaa Mokowe kwa Hesbon, fundi wa kuchomelea, maana huku kisiwani, kwenye vichochoro vya Langoni, hata punda hupishana kwa adabu. Matairi nilichagua mwenyewe. Wote walisema ya lami yatosha. Nikapiga hesabu: la zamani lina kimo cha inchi ishirini na nane, la porini thelathini na moja. Nusu ya tofauti ndiyo inayoinua trela. Inchi moja u nusu juu ya mawe, na hakuna aliyenisomesha.

Kiti cha spea Hesbon alitaka kukiunda kwa chuma na kukifunga nyuma ya trela kwa bolti nne. Nikamwambia chuma kwa hewa yetu ni chakula cha kutu. Nikenda Matondoni kwa Fundi Jeilani, mjenzi wa majahazi. Akanichongea kiti cha mti wa mbambakofi, akakiziba nyufa kwa kalafati ya pamba na mafuta ya papa, akakichora jicho kila upande kama chombo kamili, akakifunga kwa kamba ya makumbi ya nazi. Akaapa hakitavuja. Kweli, hakikuvuja.

Hesbon ndiye aliyekuwa akiendesha. Alisikia mshindo, akasema, "Bwana Uthman, kuna kitu kimeanguka." Nikamwambia aende, ni kima amerusha tunda.

Ijumaa Bi Nadra, mwalimu mkuu mstaafu wa Malindi, analichukua trela kwenda Kipini na wajukuu wake. Mteja wangu wa kwanza. Raihana, mke wangu, amesema trela lisipotoka safari hii litakuwa banda la kuku. Ameshaupima mlango.

Jumanne, 13 Januari

Nimerudi kule kwa bodaboda. Kiti nimekipata mtaroni, kizima, jicho limekodolea mbingu. Tairi hakuna. Kamba imelegea kama tambi.

Nimempigia Fundi Jeilani. Kamba ya makumbi, anasema, hubana ikilowa na huachia ikikauka. Majahazi yake hayajawahi kumletea shida hiyo. Akaniuliza kama bahari i mbali na Hindi. Basi kosa si lake wala si langu. Kosa ni la kiangazi.

Kwenye boti ya kurudi, shemeji yangu Dawud, ndugu yake Raihana na nahodha wa boti hiyo, aliniuliza mbele ya abiria wote kama spea imetangulia Kipini kunitafutia chumba. Watu wazima wakacheka. Nikatazama maji.

Jumatano, 14 Januari

Muuza matairi wa Malindi anasema lingine kama lile litafika wiki ijayo. Bi Nadra naye amepiga simu. Hasafiri bila spea, na ataiona kwa macho yake, si kwa mdomo wangu. Nikamwambia ipo. Sikudanganya. Ipo, mahali.

Nimepata njia. Raihana atashona mfuko wa turubai. Ndani nitatia tairi kuukuu, jicho la Bi Nadra lione duara tu. Matairi kuukuu yamejaa gatini Mokowe, boti huyaning'iniza ubavuni yawe dapra, zisigongane. Mwenye dapra nyingi kuliko wote ni Dawud. Itabidi nimeze mate.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemwomba dapra moja, kwa maneno ya asali. Akasema, "Chagua, shemeji. Yote mayatima."

Nikainama ubavuni. La tatu lina meno ya mamba na alama yangu ya rangi nyekundu. Tairi langu. Tangu Jumanne navuka nikiwa nimelikalia.

Dawud anasema alilinunua kwa muuza makaa aliyeliokota. Alikuwa akingoja kuona ni siku gani nitatazama chini. Na ringi? Ringi ameifanya nanga.

Amenirudishia vyote kwa sharti moja: Hesbon anifungie kiti cha chuma. Nimekubali. Kwa mdomo.

Ijumaa, 16 Januari

Asubuhi Hesbon alikuwa na bolti mkononi. Nikamwambia kwamba Dawud ameghairi sharti lake. Nikafunga kile kiti cha mbambakofi kwa kamba mpya ya makumbi, mizunguko maradufu, nikaimwagia ndoo mbili za maji. Ikabana kama gando la kaa. Hesbon akazitia bolti mfukoni. Alikwenda kunywa chai.

Bi Nadra akaja. Kwa ile inchi moja u nusu mguu wake haukufika mlangoni, akapandia mbuzi ya Raihana ya kukunia nazi. Akaligonga tairi kwa kifundo cha kidole. Akauliza macho ni ya nini. Nikamwambia yanatazama nyuma. Nikampa dumu la maji, nikamsihi ainyweshe kamba kila akisimama. Akanitazama kama mtoto aliyechelewa shule.

Lakini trela limeondoka. Raihana kanipikia samaki wa nazi.

Jumamosi, 17 Januari

Bi Nadra amepiga simu alfajiri. Jana walisimama kwa swala ya Ijumaa, na maji ya dumu wakatawadhia. Utamlaumu vipi mtu kwa udhu? Kabla ya Witu kiti na tairi havipo. Wamelala Witu, leo wanarudi. Raihana amekwenda kununua kuku.

Mimi sikukata tamaa. Tatizo nimelijua: maji machache. Nitaweka tangi juu ya paa na mpira wa kudondosha tone tone juu ya kamba. Fundi Jeilani yuko tayari. Tangi atalitia kalafati.

Sasa hivi boti ya Dawud inaingia kutoka Mokowe. Mbele, ubavu wa kushoto, kuna dapra nyeusi yenye meno. Nimemtumia ujumbe:

"Bwana Dawud. Tairi la kushoto ni langu au si langu? Usinitumie kicheko. Sema ndiyo au siyo, kabla ya adhuhuri. Na usishushe nanga mpaka unijibu."