Jinsi Delbert Kucera Alivyoukata Mswaki

Sogezeni viti, enyi mlioketi, na mlio na shughuli zicheleweni kidogo, mpate kusikia habari za Delbert Kucera wa Nebraska, tabibu wa matrekta, mwenye goti bovu na moyo mzima, aliyepigana vita bafuni mwake na kushinda.

Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na hajapata kulala nje isipokuwa usiku aliofungiwa mlango. Basi binti yake Janelle, akaaye Utah, baada ya kujaribu bahati nasibu ya vibali miaka mitatu, akajaliwa kibali cha watu wawili kushuka makorongo ya jangwani siku nne. Akampigia baba yake simu, akatamka sharti.

"Baba, begi lako lisizidi ratili thelathini, maji yakiwemo. Likizidi namchukua rafiki yangu Tanya. Na goti lako hilo, mimi siwezi kukubeba. Jumapili saa sita nakupigia, unionyeshe mizani."

Jumapili ikafika. Delbert akapanda mizani na begi mgongoni, akatoa uzito wa mwili alioupima asubuhi akitoka kuoga, akapata arobaini na saba. Ndipo mapambano yakaanza. Kikaango cha chuma kikaanguka kwanza, kikafuatwa na kiti cha kukunja na makopo sita ya pichi, huku Arlene mkewe, asiyekosa shabaha kwa ulimi, akiwapokea majeruhi mlangoni.

"Na nyundo ya nini, Del? Unakwenda kulijenga hilo korongo?"

"Ya vigingi vya hema."

"Kwani huko hakuna mawe?"

Nyundo ikatoka.

Saa sita kasorobo, thelathini na nusu. Hakikubaki cha kutoa ila maji, na maji hayatoki. Delbert akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea, na hofu ikamshika kweli, maana tangu Janelle aende chuo hawajakaa pamoja siku nne mfululizo. Ndipo akakumbuka alichosoma, kwamba watembezi wakongwe wa jangwani hukata mipini ya miswaki yao ili mzigo upungue.

Akashuka gereji, akaubana mswaki kwenye jiliwa, akainua msumeno wa chuma na kuuhutubia:

"Ewe mswaki, umenitumikia tangu Krismasi, nami sina ugomvi nawe. Lakini leo mmoja wetu anabaki Nebraska."

Akakata. Akarudi, akapanda mizani. Thelathini na nusu.

"Del," akasema Arlene taratibu, "asubuhi ulijipima na hizo buti?"

Shujaa akatazama miguu yake. Akavua buti. Ishirini na nane.

Simu ikalia. Janelle akaisoma mizani, akaridhika, kisha akakiona kigutu mkononi mwa baba yake.

"Hicho nini?"

"Mswaki. Kumbe haikuwa lazima kuukata."

Janelle akatoweka kwenye kioo cha simu, akarudi ameshika wake, mfupi kama kidole gumba, umekatwa kwa kisu, kingo zote meno meno.

"Wangu niliukata jana," akasema. "Nikajua utanicheka."

"Nani akucheke? Umeukata vibaya tu. Njoo nao, nitakupigia msasa."

Basi na iandikwe kwamba Jumapili ya pili ya Machi, saa sita na dakika nne, baba na binti waliinua vigutu viwili vya miswaki mbele ya simu, wakaapa kwa vigutu hivyo kushuka korongoni pamoja, na Tanya akabaki nyumbani.