Jinsi Jina la Fundi Lin Lilivyosimama kwa Kichwa

Nabwire, Auma, leo nimejiaibisha mbele ya jeneza. Naandika hata wino wa mashine bado haujatoka kuchani. Kaeni kitako. Barua hii inavuka mpaka kuja kwenu Busia na dereva wa Hajji, tajiri wangu, kwa hiyo mkimaliza kuisoma ichomeni.

Yule Mchina wa mashamba ya mpunga amekufa. Yule aliyekuwa akija hapa kiwandani Tororo kuchapisha lebo za mbegu, nanyi, mlipokuwa bado kazini hapa, mkijificha nyuma ya kabati kuicheka kofia yake. Malaria. Siku tatu tu, basi. Miaka mitatu alikaa kwetu na sote tulimwita Bwana Mchele. Kila mara alijigusa kifua akasema taratibu, "Lin." Nasi tukajibu, "Ndiyo, Bwana Mchele." Hakuchoka kutusahihisha. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo mpaka juma lililopita, na jambo hilo linaniuma.

Jana asubuhi akaja mkalimani wao, Bwana Shen, macho mekundu. Alitaka kadi mia moja za maziko. Alama tano za Kichina, na juu ya kila alama sauti yake kwa herufi zetu, ili wakulima wa Kirewa na Kwapa aliowafundisha waweze kumwita kaburini kwa pamoja, kwa lugha yake. Lin shifu, zou hao. Yaani Fundi Lin, nenda salama.

"Mama yake hawezi kufika huku," Shen akasema. "Nataka Lin asikie watu wanamwita jina. Mara moja tu."

Nikamwambia, "Niachie mimi." (Miaka kumi na moja napanga herufi! Kiburi kina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.)

Herufi za Kichina tutazitoa wapi? Tangu Wahindi wenye mashine wafukuzwe nchini na kiwanda akapewa Hajji Twaha, hata herufi zetu wenyewe zimepungua. (Hajji alikuwa msafirishaji wa ng'ombe. Siku ya kwanza aliuliza mashine inakula nini.) Nikaenda kwa Ochwo seremala. Kazi mnaijua: kibao huchongwa kinyume ili karatasini kitoke sawa. Nikamwambia abandike karatasi ya Shen kwenye ubao kwa uji wa unga, uso chini, achonge akifuata wino unaoonekana kwa nyuma, kisha akate vipande vitano na kuvipa namba. Na kila kipande akitie kijipengo upande wa miguu, kama zilivyo herufi zetu za risasi, ili vidole vyangu vijue chini ni wapi.

"Mama Zaituni, hii vitu miguu yake iko wapi?" Ochwo akauliza.

"Si hiyo upande ya tumbo yako?" nikamjibu, nikaenda zangu.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ochwo aliigeuza karatasi kama mtu anayegeuza chapati. Kichwa cha maandishi, kilichokuwa mbali naye, kikaja tumboni kwake. Naye, mtu mwaminifu, akatia vijipengo palepale nilipomwambia, yaani kichwani badala ya miguuni.

Mimi nikapanga. Herufi zetu juu, vibao chini, vijipengo vyote vikinitazama kwa adabu. Nikatoa nakala ya kwanza. Lin, shi, fu, zou, hao. Safi! Vibao navyo vikaonekana vya Kichina kabisa. (Mlitaka nione nini?) Karatasi ya Shen ilikuwa imeishia kwenye uji na patasi, sikuwa na cha kulinganishia. Ningempelekea Shen aitazame, lakini njiani kuna kizuizi cha wanajeshi, na siku hizi ukikamatwa na maandishi usiyoweza kuyaeleza, utayaeleza kwa miezi. Nikakanyaga mashine mpaka kadi mia zikatimia.

Leo saa nne tukawa makaburini, ukingoni mwa mashamba yale ya mpunga. Wachina saba wamesimama mstari mmoja. Wakulima tele. Kulikuwa pia na afande mmoja aliyeletwa na serikali, miwani myeusi, na askari wake wawili. Hajji alinisukuma mbele ili watu wajue kazi imetoka kwake. Nami sikukataa. Nilikuwa nimevaa gomesi ya kuazima.

Kadi zikagawiwa. Wachina saba wakazitazama. Kisha, bila hata kutazamana, wote saba wakazigeuza juu chini.

Jamani! Vibao vyangu vilikuwa vimesimama kwa kichwa.

Mama Athieno wa Kirewa, yule mwenye sauti, akawanong'oneza wenzake, na mnong'ono wake unafika Malaba: "Geuzeni! Wenyewe wamegeuza. Ni mila ya msiba." Kadi zote zikageuka. Afande akageuza. Askari wake mmoja akachelewa, akatazamwa, akageuza haraka.

Shen akainua mkono. "Moja, mbili, tatu!"

Nani atasoma herufi zetu, sasa zilizosimama kwa kichwa? Watu wakapinda shingo. Ochwo alijitahidi kupinda mpaka kofia yake ikaanguka kaburini. Hakuna aliyecheka. Natamani wangecheka.

"Nani nachapa hii?" afande akauliza.

Hajji, simba wetu, alikuwa ameshaninyooshea kidole.

"Wewe mama, mbona maandiko ya wageni nasimama kwa kichwa? Wewe nacheza na serikali?"

Nikafungua kinywa nieleze habari za kibao, chapati na tumbo la Ochwo. Kikatoka kilio. Nililia, Nabwire, nikapiga magoti na gomesi ya watu. Kina mama wakadhani nimezidiwa na msiba, wakanipokea, na uwanja mzima ukalia. Mwanzoni nililia kwa woga tu, siwafichi. Katikati nikamkumbuka Lin alivyokuwa akijigusa kifua, na kilio kikawa cha kweli.

Shen akamwendea afande, uso mkavu kabisa. "Afande, kwetu jina la marehemu hugeuzwa. Ni heshima. Mama amefanya vizuri."

Afande akafikiri. Akapiga saluti. Udongo ukaanza kumwagwa.

Na hakuna aliyemwita. Lile moja tu lililotakiwa halikufanyika. Mimi nilikuwa na maneno yote kichwani, nimeyapanga herufi kwa herufi kwa vidole hivi. Ningesimama nikaita peke yangu, wengine wangenifuata. Lakini niliiogopa miwani ile myeusi, nikatazama mpaka koleo la mwisho.

Watu walipotawanyika nikamfuata Shen kumwomba radhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa sema."

"Lin shifu, zou hao," nikasema.

"Sauti ndogo."

Nikarudia. Akasema bado ndogo. Lakini gari la afande lilikuwa bado limesimama barabarani, na zaidi ya hapo sikuweza.

Basi, mashoga zangu, najua mmeshaanza kucheka. Chekeni, sina kinyongo. Ila mkimaliza, tokeni nje, simameni hapo kwenu ng'ambo, mumwite Lin shifu, zou hao, kwa nguvu zenu zote. Nyinyi huko mnaruhusiwa kupaza sauti.

Wenu, Zaituni.