Mke na Watoto Watatu Waliotolewa Getini Bila Hati

Ndugu Meneja wa Treni ya Mzunguko,

YAH: GETI LA KITUO CHA MAKUMBUSHO NA MENGINEYO

Pokea salamu zangu, na kama uko mezani unakula, maliza kwanza, kwa sababu barua hii ni ndefu na nimeiandika mara mbili ili isiwe na matusi.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazini kwangu hakitoki kitu bila hati, iwe sponji, uzi au hata gundi iliyokwisha kuganda. Nakala moja nabaki nayo mimi, moja anachukua dereva, moja anapewa mlinzi wa geti. Katika miaka yote hiyo hakijapotea kitu stooni isipokuwa ngazi moja, na hiyo ngazi tunajua iko kwa nani. Nakueleza haya ili ujue anayelalamika si mtu wa kubahatisha. Wapo wanaoniita mkono wa birika, wakiwemo shemeji zangu wawili, lakini hao hawajawahi kutembeza familia ya watu watano mji mzima kwa tiketi moja. Mimi nilithubutu Jumamosi iliyopita, na shirika lako ndilo lililoniharibia.

Binti yangu wa miaka saba aliambiwa na mwalimu wake kwamba ndani ya Makumbusho kuna mifupa ya nyangumi mzima, imening'inizwa darini kwa waya. Basi tukakoma. Kukicha nyangumi, chakula kikiiva nyangumi. Aliipima sebule yetu kwa hatua akatangaza kwamba hapaingii hata kichwa chake. Nikamwahidi mbele ya mama yake kwamba Jumamosi tutakwenda kuuona mji wote, nyangumi akiwemo. Nikanunua tiketi moja ya familia, nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo.

Sasa, Ndugu Meneja, kila mwenye akili timamu anajua kwamba tiketi iko hai mpaka utoke getini. Ukishatoka, imekufa. Treni yenu inauzunguka mji, inarudi ilikoanzia, inaanza tena, na mzunguko mmoja unachukua dakika hamsini na tano. Nilikaa na daftari nikagundua jambo ambalo nadhani hata nyinyi hamjaligundua. Mtu akipanda saa mbili asubuhi na asishuke, anaweza kuviona vivutio vyote kumi na vinne mara kumi na moja kwa tiketi ile ile. Nikaandaa orodha. Mama watoto aliisoma, akaigeuza, akaniuliza tutashukia wapi. Nikamjibu kwamba hapo ndipo ulipo uzuri wa mpango.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Jumba la Makumbusho limetupa kisogo. Kwa mbele lina nguzo na ngazi za mawe, nimeziona kwenye kalenda. Upande wa reli kuna mapipa ya taka, mabomba, na mpishi wa mkahawa wao aliyekaa kwenye ngazi za nyuma akivuta sigara. Mzunguko wa kwanza na wa pili niliwasihi watoto wavute picha. Mzunguko wa tatu, mwanangu wa miaka minne, ambaye tunamwita Kiroboto kwa sababu hatulii mahali, alikuwa ameshazoeana na mpishi na wanapungiana mikono. Binti akauliza nyangumi yuko dirisha lipi. Nikamwonesha la tatu kutoka kushoto. Mzunguko wa tano mtu akalifungua dirisha hilo hilo na kukung'uta tambara la kudekia. Naomba ama jumba ligeuzwe, ama reli ipitishwe kwa mbele. Mimi sichagui, chagueni nyinyi.

2. Treni inasimama pale kwa sekunde arobaini. Nimepima kwa saa. Mnyama wa ukubwa ule haelezeki kwa sekunde arobaini, na nusu ya muda wenyewe unaliwa na watu wanaoshuka. Na wanashuka kwelikweli, na watoto wao, wanacheka, utadhani tiketi zinaokotwa barabarani.

3. Yule dada anayetangaza vituo ni mchochezi. Kila tukifika pale anasema, kwa sauti ya shangazi aliyeficha peremende, kwamba wageni wa Makumbusho washuke hapa. Mimi baba mtu nasema kaeni, yeye anasema shukeni, na watoto wanamsikiliza yeye. Kufikia mzunguko wa sita Kiroboto alikuwa analia kabla dada hajafungua mdomo. Mzee mmoja aliyekuwa amepanda nasi asubuhi, akashuka, akamaliza shughuli zake na kupanda tena, alitukuta palepale akaniuliza kwa upole kama tumepotea. Nikamwambia tunatalii. Akanipa chungwa.

4. Choo chenu kiko nje ya geti. Sijui ni mhandisi gani aliyewachorea. Mzunguko wa saba Kiroboto alishika suruali yake kwa mikono miwili. Nilimshauri ajikaze. Nilishauri pia chupa. Mama watoto, ambaye nimeishi naye miaka tisa bila kupandishiana sauti mbele za watu, aliinuka na kitoto chetu mgongoni, akamshika Kiroboto mkono huu na binti mkono huu, akasema, "Tunashuka." Nikamkumbusha kuhusu tiketi. Akasema nibaki nayo.

Nikabaki nayo. Ulitaka nifanyeje? Mtu mmoja lazima abaki ndani kuiweka tiketi hai.

Ndipo nilipoliona kwa macho yangu lile linalonifanya niandike. Mlinzi wenu wa geti, mwanamama mwenye kofia ya bluu, hakudai tiketi. Hakudai barua wala sahihi ya mwenye familia. Aliitazama suruali ya Kiroboto, akafungua kigeti cha pembeni na kusema, "Pita mama, pita, mtoto hasubiri." Mke mmoja, watoto watatu na mkoba mmoja wa nepi, vyote vikatoka kwa mkupuo, na mimi mwenye mali niko futi ishirini nyuma ya kioo. Kiwandani kwetu mlinzi akiachia magodoro mawili kwa namna hiyo hamalizi siku.

Nilitarajia kuwakuta wamesimama kituoni nitakaporudi. Mzunguko wa nane hawakuwepo. Wa tisa hawakuwepo. Kikapu cha chakula nilikuwa nacho mimi, mayai ya kuchemsha kumi, mkate na chupa ya chai, nami nikawaza wanangu wanalia njaa huko waliko. Nilimenya yai moja, nikalirudisha kikapuni. Mzunguko wa kumi nikawaona. Wamekaa kwenye ngazi za nyuma ya Makumbusho, kando ya mapipa, pamoja na yule mpishi, wanakula viazi vya kukaanga kutoka kwenye karatasi. Binti alikuwa amesimama, ameitanua mikono yake yote miwili kuonesha urefu wa kitu fulani, na mama yake anacheka, kicheko ambacho sijakisikia muda mrefu na siku hiyo pia sikukisikia, kwa sababu madirisha yenu hayafunguki. Nilikinyanyua kikapu wakione. Kiroboto akanipungia mkono, kama alivyokuwa akimpungia mpishi. Sekunde arobaini zikaisha.

Sitakuficha, Ndugu Meneja. Hapo niliumia.

5. Hili la mwisho nimelipa namba yake kwa sababu linaendelea mpaka leo. Familia ilirudishwa mzunguko wa kumi na moja, ikapitishwa na mlinzi yule yule, tena bila hati ya kupokelea. Tangu hapo nyumbani kwangu kuna watu wanne wanaojua jambo nisilolijua. Wanadai kwamba nyangumi ana mifupa ya vidole ndani ya pezi lake, kama mkono wa mtu. Mimi napinga, lakini napinga kitu ambacho sijakiona, na wao wanatazamana kwa adabu. Hata kitoto, ambacho hakijaanza kusema, ukikitajia nyangumi kinatazama darini. Shuleni binti aliandika insha ya ukurasa mzima. Mama yake yumo, Kiroboto yumo, choo kimo, mpishi ana aya yake peke yake. Mimi niko mstari wa mwisho: "Baba naye alipita na treni." Mwalimu ameweka alama ya vema na kuandika kwamba insha imejaa ukweli.

Kwa kuwa hasara hii imetokana na uzembe wa geti, naomba mambo matatu. Kwanza, iandaliwe Hati ya Kutolea Familia, nakala tatu, na mke asipite getini mpaka mume aliyeko ndani ya treni awe ametia sahihi. Sampuli nimeichora mwenyewe na nimeiambatanisha. Pili, nyangumi ateremshwe na kuletwa kituoni, azungushwe mbele ya dirisha langu taratibu, pezi likiwa upande wa kwangu. Tatu, nipewe cheti chenye mhuri kwamba nimetembelea vivutio kumi na vinne mara kumi na moja, jambo ambalo halijafanywa na baba mwingine yeyote mjini hapa. Nisipopata jibu nitamwandikia waziri wako, kisha magazeti, na ikibidi yule mwalimu, maana ndiye aliyeanzisha habari za mifupa.

Nikiweka kalamu chini, naomba unisalimie dada wa matangazo, ambaye nimejaribu kumchukia nikashindwa. Msalimie mpishi, umwambie viazi vile tumeshaviona. Ukikutana na mzee wa chungwa, lilikuwa tamu. Mlinzi wa geti naye mwambie sina kinyongo naye isipokuwa kile cha kikazi.

Wako katika utunzaji,

Mtunza Stoo
(mume wa mmoja, baba wa watatu, wote wamehesabiwa na wapo)

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, nikaifungua tena ili niweke tiketi kama kielelezo. Binti akaichukua mezani, akaigeuza nyuma na kusoma kwa sauti, akifuatisha kwa kidole: "Familia inaweza kushuka na kupanda kituo chochote, mara yoyote, siku nzima." Nikamuuliza maandishi hayo ameyaonea wapi na mimi nimeikagua tiketi ile kila mzunguko. Akasema aliyaona kwenye treni, mzunguko wa pili, akanisomea, nami nikamwambia asinisumbue, navihesabu vivutio. Nilitaka kubisha, lakini huko jikoni vyombo vilikuwa vimenyamaza, nikajua nasikilizwa. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa stempu nimeshabandika. Lakini majibu yako yasije Jumamosi, kwani sitakuwepo. Binti amekubali kunipeleka kwa nyangumi, ila kwa sharti moja, kwamba tiketi atashika yeye.