Hotuba ya Rais wa Mieleka ya Watoto Kabla ya Fainali ya Uzito wa Ratili Arobaini

Mheshimiwa Mwamuzi Mkuu mwenye filimbi shingoni. Waheshimiwa makocha wa klabu kumi na moja za kaunti yetu. Mchungaji Tvedt, uliyetuombea kwa kirefu hadi chili yetu ya nyama na maharage ikapoa. Akina mama wa jikoni. Waheshimiwa wazazi, nyanya na babu mlioanza kuzoa theluji kwa koleo tangu alfajiri ili mfike katika ukumbi huu wa shule ya Nordby, Iowa: itifaki imezingatiwa. (Sauti ya mwanamke: "Na watoto je?") Na watoto, bila shaka, nilikuwa nawajia.

Kwa wasionijua, na sidhani kama wapo, mimi ndimi Merle Dostal, Rais wa Chama cha Mieleka ya Watoto kwa mwaka wa kumi na tisa mfululizo bila kupingwa, rekodi ambayo hakuna mwanamieleka humu ndani aliyeifikia (kicheko), japokuwa mimi mwenyewe, nakiri, nilipanda mkekani mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na miwili, nikalazwa chali ndani ya sekunde kumi na nne. (Sauti ya mzee: "Tisa, Merle! Nilikuwepo!") Tisa. Asante, Harlan. Takwimu zitarekebishwa.

Ndugu wadau, kuna maneno yanazagaa kwamba watoto wa miaka minne na mitano ni wadogo mno kushindania ubingwa, na mzagazaji mkuu ni binti yangu Kendra, yule pale safu ya tatu aliyekunja mikono. (Kendra: "Nipo, baba.") Ndiyo maana mwaka jana, kupitia mchakato shirikishi, niliunda Kamati ya Ridhaa ya Mtoto, yenye jukumu la kumuuliza kila mtoto, ana kwa ana, kama anataka kupigana, na nina furaha kutangaza kwamba kati ya watoto mia mbili na kumi na wanne waliosajiliwa, waliokubali ni asilimia mia moja na moja. (Minong'ono.) Hiyo ya ziada ni mapacha waliochelewa kusajiliwa.

Mafanikio yanaonekana kwa macho. Waliolia mwaka jana walikuwa themanini na watatu, leo ni themanini na mmoja tu. Mmoja alisinzia mkekani katikati ya raundi, tukampa mpinzani ushindi na yeye tukampa blanketi. Kuhusu uzito, nimeongoza kwa mfano: mjukuu wangu Otto, mtoto wa Kendra, miaka mitano, asubuhi hii alizidi kidogo kwenye mizani, nikasimamia mwenyewe anyimwe mkate wake wa mdalasini, na ili usipotee bure nikaula mimi. (Kicheko. Sauti: "Sukari iko kwenye tai yako!") Iko kwenye tai. Huo ni uwazi.

Sasa, baada ya dakika kumi, Otto atakutana na Maisie, miaka minne, hana meno ya mbele na hajawahi kupoteza pambano. Namwomba Otto aje hapa mbele. (Hatokei mtu.) Otto? (Kendra: "Yuko chini ya meza yako, baba.")

Ah. Kweli yuko. Toka, mwanangu, uwaoneshe watu mkono ule tuliokuandikia namba ya pambano kwa wino. (Mtoto anainua mkono. Una weusi uliosambaa, hauna namba.) Umefanya nini? ("Nimeifuta na mate.") Kwa nini? ("Ili nisiitwe.")

(Kendra: "Baba, kamati ilipomuuliza Otto, alijibuje?")

Swali zuri. Kamati hiyo, ndugu wadau, ilikaa vikao tisa ndani ya gari langu, wajumbe wote wakiwa mimi. Fomu zote za ridhaa nilizitia alama Jumanne jikoni kwangu, kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umeshika sandwichi. Nilianza na ya Otto. Otto mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, anachora trekta. Sikumuuliza. Naona aibu.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, nafungua kikao cha kwanza. Otto, unataka kupigana? (Mtoto, kwenye kipaza sauti: "Nina njaa, babu.") Imeandikwa. Na wewe, Maisie? (Maisie: "Mimi nataka! Nipeni yeyote! Nipeni hata huyo babu!" Kicheko. Harlan: "Sekunde tano!")

Mieleka ya watoto! (Oyee hafifu.) Ridhaa ya mtoto! (Oyee ya Kendra peke yake, kisha ya safu nzima.) Otto aende nyumbani! (Oyee!)

Namalizia kwa kuishukuru Kamati ya Ridhaa, ambayo ilikuwa haipo hadi dakika mbili zilizopita. Akina mama wa jikoni, kama mkate wa mdalasini umebaki hata mmoja, mpeni Otto. Wa kwake niliula mimi.