Sakafu ya Moto Inakwenda Unguja

Januari ile ilikuwa imewakamia watu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou. Mvua nyembamba ilinyesha tangu alfajiri, nyuzijoto zilikuwa sita, na kwa kuwa majengo ya huku kusini mwa China hayawekwi mabomba ya joto kama ya kaskazini, baridi ya ndani na ya nje ilikuwa moja. Kwenye mgahawa wa Felisia, ghorofa ya pili, wateja wa kila siku walikaa na majaketi na kofia zao, kila mmoja ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili.

Anastazia ndiye aliyeanza. Huyu wanamwita Mama Jaketi, maana hununua nguo za baridi kwenye soko la Shahe na kuzipeleka kwao Njombe, ambako zinavaliwa kweli. Aliwasomea habari kutoka kwenye simu: mamlaka ya hali ya hewa nyumbani imetahadharisha joto kali wiki nzima, Dar na Unguja nyuzi thelathini na nne, wazee wanywe maji mengi na wasitoke mchana.

"Uongo," alisema Aloyce.

Aloyce jina lake la kijiweni ni Meiyou, lile neno ambalo wenye maduka wa Kichina hukutupia wakimaanisha hakuna. Miaka kumi na miwili yuko Guangzhou na hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza. Alidai joto la namna hiyo halipo tena duniani, limekwisha, na kwamba yeye vidole vyake vya miguu alivisikia mara ya mwisho Jumanne.

Hapo akaingia Ghalib, mwavuli unachuruzika, usoni ana tabasamu la mtu aliyetoka kununua. Huyu ni Showroom. Ghalib hanunui kitu kimoja kimoja. Anasimama katikati ya duka la maonyesho, anazungusha kidole na kusema nifungieni kila kitu kama kilivyo. Ndivyo nyumba yake mpya ya Fuoni, Unguja, ilivyopata jiko la ukutani la kuotea moto, la plastiki, linalowaka kwa betri.

"Waheshimiwa," alisema kabla hajakaa, "sakafu nimemaliza."

"Vigae?" aliuliza Aloyce.

"Vigae kila mtu anavyo. Sakafu ya joto. Unakanyaga, chini panapasha."

Pembeni, Maulid aliinamia simu yake. Maulid ni wakala wa mizigo, wanamwita Kontena, na habari hiyo aliijua tangu juzi. Mzigo ulikuwa ghalani kwake, na kontena lilitakiwa kufika bandari ya Huangpu kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu wiki inayofuata Wachina wanafunga kila kitu kwa mwaka wao mpya. Hakuwa amesema neno. Mzigo wa kipumbavu nao una ujazo, na wakala hulipwa kwa ujazo.

Ghalib alieleza kwa raha zake. Kwenye nyumba ya Fuoni, ambayo bado haijawekwa vigae, yatatandazwa mabomba membamba yamezungushwa kama tambi, yamwagiwe saruji juu, maji ya moto yapite humo mchana kutwa. Nyumba ya zamani ya mama yake, kule Malindi ya Unguja mjini, haitaki mabomba. Hiyo amechukulia mikeka ya umeme, myembamba, unaitandika, unaifunika kwa saruji na vigae, kisha unaichomeka.

"Bi Mkubwa ana miaka mingapi?" aliuliza Anastazia.

"Themanini na moja, Mungu amzidishie."

"Na Unguja leo nyuzi ngapi? Nimetoka kusoma sasa hivi."

"Hizo za nje," alisema Ghalib. "Mie nnazungumzia za ndani."

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya Felisia achungulie kutoka jikoni. Aloyce aliacha hata kutetemeka. Alitaka kujua kama sahani bado zitahitajika, au wali utapikwa na kuliwa palepale chini. Alitaka kujua kuku akikatiza sebuleni atatokea upande wa pili akiwa hai au ameiva. Akasema juu ukutani kutakuwa na kiyoyozi kinapuliza baridi, chini sakafu inapuliza moto, vitapigana usiku na mchana na mshindi atakuwa shirika la umeme.

"Na umeme ukikatika?" aliuliza Felisia.

"Hiyo ndiyo siku watakayopumua," alisema Aloyce.

Ghalib alikunja uso. Alisema washamba ndio hucheka wasichokijua. Lakini Aloyce alikuwa amefundishwa ujenzi na baba yake, na hapo akaacha utani. Zile nyumba za mjini Unguja, alisema, sakafu zake ni boriti na chokaa. Ukitandika mikeka, ukamwaga saruji, ukaweka na vigae, umezibebesha mzigo ambao hazikuwahi kuuona, na sakafu imepanda vidole vinne.

"Mlango utafungukaje?"

"Utakatwa kwa chini. Kidogo."

"Mlango wa nakshi? Wa babu yako?"

"Nimesema kidogo."

Maulid aliinua macho kutoka kwenye simu. Aliwahi kulala kwenye nyumba hiyo, aliujua ule mlango, na alimjua Bi Mwanahija, mama yake Ghalib, aliyemkaribisha kwa mkate wa kumimina na kumwita mwanangu siku ya kwanza tu. Akatazama saa. Saa saba kasoro. Akarudi kuinamia simu, na safari hii aliona aibu.

Anastazia alisema kwao kuna asubuhi watu wanaamka majani yamekuwa meupe kwa barafu, na hakuna aliyewahi kupasha sakafu. "Tunavaa soksi," alisema. "Hebu tuambie ukweli, kaka. Nani kakuroga?"

Ghalib akasema wanacheka kwa sababu hawajaikanyaga. Kule Foshan, mji wa jirani, kwenye maonyesho, binti wa duka alimwomba avue viatu. Akavua. Akasimama pale nusu saa, akaletewa chai, akaongezwa nusu saa nyingine.

"Miguu yangu nilikuwa sijaisikia tangu Desemba," alisema. "Nikasema, wallahi watu wangu hawawezi kukosa kitu kama hiki."

"Kwa hiyo ulinunua kwa miguu," alisema Aloyce. "Miguu iko Xiaobei, sakafu inakwenda Unguja. Na wewe leo unalala wapi, Laoban?"

Laoban ni bosi, na wote walijua bosi analala wapi. Chumba kimoja watu wanne, juu ya duka la nywele, godoro limelazwa juu ya vigae vya baridi. Miaka tisa. Nyumba ya Fuoni ina vyumba sita na haijalaliwa na mtu.

Simu ya Ghalib ikalia mlio wa ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa mkewe, Kauthar. Kwa kutaka kuonyesha kwamba nyumbani wanashangilia, Ghalib aliuweka mezani na kupandisha sauti. Haikuwa sauti ya Kauthar.

"Ghalib mwanangu, Kauthar kanambia unaniletea sakafu ya moto. Ahsante, Mungu akubariki. Lakini mchana mie ntalala wapi? Kitanda kinanichoma, godoro jasho tupu. Pahala pangu ni hapa chini, kwenye saruji, ndo penye ubaridi. Hata sasa nnapozungumza nimelala hapahapa." Wakasikia feni ikizunguka nyuma yake. "Na mwanangu, mtu hununua moto akiwa na baridi. Kama huko una baridi, mbona hukunambia?"

Felisia alirudi jikoni bila kumwangalia mtu. Ghalib aliichukua ile simu mezani, macho yamemwiva. Aliuliza kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa, "Kontena, mshafunga?"

Jibu la wakala kwa swali hilo ni moja, miaka yote: limeshafungwa, liko njiani, sahau. Maulid alilifungua domo tayari kulisema.

"Bado," alisema. "Ngoja niwapigie ghalani wakushushie."

Kontena liliondoka saa tisa na nafasi tupu pembeni, jambo ambalo Maulid hajawahi kulifanya tangu aanze kazi. Mabomba ya Fuoni yalibaki ghalani. Anastazia aliomba picha zake, eti kuna mtu kwao Makete anajenga nyumba ya wageni, na alipoulizwa soksi zimeishia wapi alijifanya anapokea simu.

Mkeka mmoja wa umeme uliletwa mgahawani. Kesho yake asubuhi Maulid alikuta viatu vimerundikwa mlangoni kama msikitini. Chini ya meza ndefu miguu ilikuwa imebanana, inasukumana. Ghalib alikuwa pembeni, simu mdomoni, anamrekodia mama yake: "Kweli mama, nilikuwa na baridi. Sasa nimepata pa kuwekea miguu."

Aliyewahi kuliko wote alikuwa Aloyce. Alikuwa ameshika katikati kabisa ya mkeka, soksi ya kushoto imetoboka na vidole vimechomoza vyote vitano. Maulid akamuuliza kama ni kweli panapasha.

"Meiyou," alisema Aloyce, wala hakusogeza mguu kumpisha.