Hotuba ya Kuzindua Utangulizi wa Mfumo wa Salfa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa Shehe na Padri, mlioomba dua kwa ufupi wa kupigiwa mfano. Wazee wa Chilangala, wajumbe wa Lulindi na Chiungutwa. Akina mama, akina baba, na bodaboda mliozima injini: shikamooni wakubwa, wadogo marahaba! (Kicheko.) Wapo wenzangu wanaosema "itifaki imezingatiwa" wakakaa. Imezingatiwa na nani? Huo ni uvivu!

Mimi, Mwenyekiti wa Ushirika wenu, Cyril Alfredi, nilipokabidhiwa mfumo wa kumwonyesha kila mkulima kwenye simu siku yake ya kuchukua salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nilifanya tathmini shirikishi na ya kimkakati, nikagundua jambo la aibu. Mafaili ya JavaScript, yaani maagizo ya kompyuta, ambayo mtaalamu wetu Winfrida huyafunga yakawa mizigo ya kutumwa, yangeingia kwenye simu ya mtu mzima na kuanza kazi moja kwa moja, bila hodi, bila shikamoo, bila kusema yametumwa na nani! (Mama mmoja: "Na salfa yenyewe?") Nakuja huko, Mama Wema, subira yavuta heri.

Nikaelekeza iwekwe plagini, yaani kijiprogramu ambacho, kila mzigo unapofungwa, chenyewe kinabandika juu yake maelezo ya utangulizi: jina langu, vyeo vyangu, kamati nilizoongoza na zile nilizokusudia kuongoza. Winfrida akanieleza kwamba kompyuta maneno hayo inayaruka, haiyasomi. Nikamwambia, mwanangu, hata uwanjani wapo wasionisikiliza, je, nimewahi kunyamaza? (Makofi. Mzee Ashiru anazinduka usingizini.) Leo mafaili sabini na mawili, sawa na asilimia mia moja na nne ya lengo, yana itifaki kamili!

(Mama Wema anasimama: "Baba, mikorosho imeshatoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga umeshaingia. Tangu Jumatatu nabonyeza simu, naona weupe mtupu. Salfa nachukua lini? Nisipopuliza wiki hii, sivuni kitu!")

Loo, Mama Wema! Weupe huo si mtupu. Mimi nimo, ila sionekani. Wananchi, itifaki juu! ("Salfa lini!") Itifaki juu zaidi! ("Salfa lini!") Nafurahi tunakwenda pamoja.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Winfrida, aliyetaka kuanza na orodha ya salfa nikamkatalia, maana kichwa hutangulia mwili. Kwa miezi mitatu usiku na mchana tumekamilisha kichwa. Chini yake, katika mafaili yote sabini na mawili, hakuna kilichoandikwa, hata herufi moja, na nawashukuruni sana kwa kuja kukizindua kichwa hicho. Mama Wema, mbona unaondoka? Rudi, mama! Jina lako litakuwa la kwanza kabisa kwenye orodha, mara tu langu litakapokwisha.