Mwenyekiti wa Walezi

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Hospitali inaunda baraza la vijana wenye ulemavu na walezi wao, lishauri kuhusu kliniki ya mazoezi ya viungo. Walezi tutachagua mwenyekiti wetu. Nani tena kama si mimi? Binti yangu anatumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na msukumaji mkuu ni mimi. Viganja vyangu ni ushahidi. Mke wangu akauliza kama nimemuuliza mtoto mwenyewe anataka nini. Nikamjibu mtoto ataarifiwa. Nimepiga tai pasi.

Jumanne, 4 Machi

Mama Pacha naye anautaka uenyekiti! Jirani yetu huyo ana mtoto asiyesikia, na amejifunza lugha ya alama mpaka anagombana kwa mikono. Watu wanampenda. Hatari tupu.

Mwenda bure si mkaa bure: nikaenda kwa katibu wa hospitali. Akanieleza wanataka kuhamishia mazoezi ghorofani, vyumba vya chini viwe ofisi. Lifti ipo. Nikamwambia nikiwa mwenyekiti mimi, kelele hatazisikia. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema waungwana siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi.

Nimerudi nyumbani kwa mwendo wa kiuenyekiti.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfundisha binti la kusema kwenye mkutano wa baraza kesho: tunashukuru, tunakubali. Akauliza tunakubali nini. Nikasema akubali kwanza, maelezo yatafuata. Akauliza kama nimewahi kupanda hiyo lifti. Lifti ya hospitali, jamani! Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu yangu! Katibu alitaka mkutano ufanyike ghorofani, tuvione vyumba. Tukaingia kwenye lifti: yeye, mimi na binti. Ikapanda kidogo, ikakohoa, ikasimama. Giza! Nikagonga mlango. Nikamwita mama yangu, ambaye ni marehemu. Binti, kimya, akamwandikia ujumbe mtoto wa Mama Pacha amtafute fundi. Kumbe vijana wana kundi lao kwenye simu, na wote wanajua lifti hiyo ni mgomvi.

Kisha akamgeukia katibu. "Ikigoma nikiwa nimeshapanda, nani atanishusha? Baba anaumwa kiuno."

Katibu akajifuta jasho. Nikamsogezea binti chupa ya maji, ajishughulishe na kunywa. Akakataa. Akasema siku za kliniki hanywi maji tangu asubuhi, maana mlango wa choo ni mwembamba, kiti hakipiti.

Miaka yote hii namsukuma. Sikujua.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba."

Nikaifungua ile chupa, nikaifunga tena. Fundi alipotufungua, mkutano ukaahirishwa, kwa kuwa katibu alihitaji kukaa chini kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekutana koridoni, chini. Binti akaeleza habari ya lifti na ya choo, bila kupandisha sauti. Mtoto wa Mama Pacha akaongea kwa mikono, mama yake akitafsiri. Nilisubiri mama achomeke yake. Hakuchomeka hata neno! Mbinu gani hiyo?

Katibu akakubali mbele ya wote: mazoezi yanabaki chini, na mlango wa choo unapanuliwa kabla ya jambo lingine lolote. Vijana wakashangilia. Binti akaomba maji, akanywa chupa nzima.

Ukaja uchaguzi wa walezi. Mama Pacha kapita. Mimi nimepata kura moja, na aliyenipigia namjua, kwa sababu ninanyoa ndevu zake. Mke wangu amekiri bila hata kubanwa kuwa kampigia jirani.

Nikamnong'oneza binti kwamba familia yetu imeukosa uenyekiti. Akayapigapiga magurudumu yake. "Baba, mwenye kiti si mimi hapa?"

Korido nzima ikacheka. Nami nikacheka, kisha nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

Jumamosi, 8 Machi

Vijana wamemchagua binti awe msemaji wao. Nimempongeza. Nimemwambia somo limeniingia hadi kwenye mifupa: vijana wajisemee wenyewe. Sitamtia tena maneno mdomoni, wallahi. Akanibusu kwenye upara.

Mkutano ujao atasimamia mambo yake mwenyewe, kwa sauti yake, kwa mawazo yake.

Hotuba nimeshamwandikia. Bado salamu za mwisho tu.